Mama wa Safu ya Nyuma

Ua lilifika alfajiri kama ilivyo ada yake, lakini lilikuwa la pinki, na siku ilikuwa Jumatano. Rung aliliangalia kwenye simu akiwa bado kitandani, jicho moja limefumbwa, akadhani ni mang'amung'amu ya usingizi. Akafungua jicho la pili. Pinki vilevile. Yungiyungi limefunua petali zake, matone ya umande yamebandikwa kwa mashine, na chini yake maandishi yanayometameta: Heri ya Jumanne, uwe na afya, riziki ikufuate mlangoni. Jumanne ilikuwa jana. Kila siku ina rangi yake, na ya Jumatano ni kijani; hilo hata mtoto wa chekechea wa Bangkok analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Bi Lamai, mama yake, hakuwahi kukosea rangi. Tangu aliponunuliwa simu ya kupokea picha, kila kulipopambazuka pale Phetchaburi alimtumia bintiye ua: la manjano Jumatatu, la pinki Jumanne, na kuendelea hivyo mpaka jekundu la Jumapili, kisha anaanza upya. Hakuwa peke yake. Nchi nzima wazee walikuwa wakiamshana kwa maua, simu zikajaa mpaka zikagoma. Rung aliwahi kuandika kwamba adui akitaka kutuvamia asivamie alfajiri, maana kina mama watamjibu kwa mayungiyungi mpaka mitambo yake izime. Watu walicheka sana siku ile. Yeye mwenyewe ua la mama yake alilijibu kwa kidole gumba, tena si kila siku.

Kuandika huko ndiko kulikokuwa starehe yake. Mchana alikuwa mwajiriwa wa kawaida, anahariri matangazo ya sabuni na mafuta ya nywele. Jioni, akishavua viatu na kujimiminia chai ya barafu, aligeuka kuwa mwenye ukurasa wa mtandaoni uitwao Runinga ya Watu. Humo alipiga soga kuhusu tamthilia za usiku, nyota na wachumba wao wa kukodi, na watu wanaopiga picha chakula mpaka kinapoa. Hakuwa na kinyongo na mtu. Alikuwa na udadisi tu, ule wa mtu anayechungulia dirisha la jirani si kwa ubaya bali kwa sababu taa imewaka.

Jina la ukurasa lilitoka kwa baba yake. Marehemu alikuwa fundi runinga, na ajabu ni kwamba nyumba yao haikuwahi kuwa na runinga yake yenyewe. Walitazama za wateja. Ikiletwa mbovu, ikatengenezwa, familia nzima ilikaa mbele yake kwa kisingizio cha kuijaribu, na baba alijua kuijaribu kwa wiki nzima ikiwa tamthilia imenoga. Lakini mwenye runinga alikuja siku moja, mara nyingi siku mbaya, mhusika mkuu akiwa hoi hospitalini. Baba aliibeba runinga kifuani, waya unaburuzika sakafuni nyuma yake, na mlangoni aligeuka na kuwaambia, "Haya, malizieni wenyewe." Nao walimalizia, Rung akiongoza, mpaka usingizi uwachukue. Hadithi nyingi za utoto wake hakujua zilivyoishia kweli, na wala hakuona hasara.

Sasa hilo ua la pinki lilimtia wasiwasi. Mwenzake wa ofisini alimpoteza mama yake hivyohivyo, si kwa kifo bali kwa kusahau: kwanza chumvi kwenye chai, halafu jina la mjukuu, halafu njia ya kurudi nyumbani. Mambo hayo huanza kwa kitu kidogo, mwenzake alisema, kitu ambacho unakicheka. Rung hakucheka. Alipiga simu kabla hata ya kupiga mswaki.

"Mama, leo siku gani?"

"Kwani ofisini kwenu hamna kalenda?"

"Nakuuliza wewe."

Nyuma ya Bi Lamai kulisikika mngurumo wa jenereta, na mwanamume anapaza sauti kwamba waliokaa jana wakae palepale walipokaa jana, na asibadilishe mtu hata hereni.

"Jumatano," akasema mama. "Kidole kimeteleza. Umekula?"

"Uko wapi?"

"Hekaluni. Nitakupigia." Akakata, na hakupiga.

Rung alibaki amekaa ukingoni mwa kitanda. Hekaluni sawa, mama yake alikuwa mtu wa ibada. Lakini jenereta la nini? Na hereni zinamhusu nani? Wiki zilizofuata maua yalirudi katika rangi zake, ila Rung hakutulia. Alizoea kumtega mama kwa maswali ya pembeni, mara amuulize jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza, mara amuulize ametia mayai mangapi kwenye trei ya keki zake za sokoni, mpaka Bi Lamai akachoka akamwambia kwamba kama anataka kumhoji basi aje na pingu kabisa. Jibu hilo lilimfariji Rung. Mtu aliyepoteza kumbukumbu hana ulimi mkali namna ile.

Kisha ikaja ile sehemu ya msiba kwenye tamthilia.

Tamthilia yenyewe ilikuwa moja ya zile zinazomaliza msongamano wa magari, kwa kuwa kila mtu amekimbilia nyumbani. Tajiri wa karakana za hariri amekufa ghafla, watoto wanagombea nyumba, na binti wa nje ya ndoa, mwema kupita kiasi, amekuja kumzika baba aliyemkana. Rung aliitazama simu ikiwa mkononi, anaandika huku anaangalia. Kuhusu machozi ya kwenye runinga alijiona mtaalamu. Aliwahi kuyapanga kwa mafungu: machozi ya mwovu hayaharibu wanja, machozi ya mama mkwe hutoka tu akiwepo mtu wa kuyaona, na machozi ya mwema hushuka jicho moja, lile lililo upande wa kamera. Usiku ule yule binti mwema alipiga magoti mbele ya jeneza, muziki ukapanda, na chozi likashuka, moja, upande uleule.

Lakini nyuma yake palikuwa na kitu. Safu ya mwisho, karibu na nguzo, kwenye kundi la watu waliokuja kujaza ukumbi, alikaa mwanamke mnene kiasi aliyevaa blauzi nyeusi ya lesi. Uso alikuwa ameuzika kwenye leso, mabega yanamtikisika, na kilio chake kilipasua muziki kikaja mbele, kilio kibovu, cha mikwaruzo, kisicho na mpangilio wowote. Binti mwema wa watu alionekana kama amekuja kulipia umeme. Rung alirudisha nyuma akatazama tena, akacheka mpaka chai ikamwagika, kisha akaikata ile picha na kuiandikia mstari mmoja: Mama wa safu ya nyuma, samahani, kwani marehemu ni wako?

Kulipokucha ule mstari ulikuwa umeshaenda kusikojulikana. Watu waliutengenezea stika, yule mama na leso yake na maneno juu ya kichwa. Ukisikitikia timu ya nchi ya mbali iliyofungwa, unatumiwa stika: kwani marehemu ni wako? Ukimlilia mwigizaji aliyeachana na mchumba wake, stika. Bosi wa ofisini kwao Rung alihamishwa, katibu muhtasi akatokwa na machozi kwenye hafla ya kuagana, na kabla keki haijakatwa simu za watu kumi zimelia pamoja. Wafuasi wa Runinga ya Watu waliongezeka mpaka Rung akaona aibu kidogo, aibu tamu. Alijiuliza tu, kama kawaida yake, yule mama ni nani, na alifikiria nini pale. Hakuna mtu anayelia vile kwa kutumwa.

Lakini tangu asubuhi ile ya kwanza ua halikuja. Alhamisi ilipita bila rangi ya chungwa. Ijumaa ikapita bila buluu. Rung, ambaye alizoea kuyafuta maua yale kwa mafungu ili apate nafasi kwenye simu, alijikuta anaifungua kila baada ya muda kuangalia. Akapiga.

"Niko salama," mama alisema. "Nina trei kwenye oveni." Sauti ilikuwa kavu. Akakata tena.

Ndipo Rung alipoogopa kweli. Jumamosi alipanda gari la asubuhi kwenda kwao, na njia nzima alikuwa anajipangia maneno ya kumshawishi mama akamwone daktari. Akiyapanga hayo, kumbukumbu nyingine ikajipenyeza, ile aliyoibeba tangu baba afariki na ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba mama hakulia. Siku saba mwili wa baba ulilala hekaluni, watawa wakisoma kila jioni, jamaa wakimiminika, na Bi Lamai alipita katikati yao na masufuria ya uji wa mchele, macho makavu kabisa, anauliza nani hajapata tangawizi. Shangazi mmoja alinong'ona, na Rung alisikia. Tangu siku hiyo kulikuwa na swali ndani yake, nalo halikuwa la hasira. Alitaka kujua tu, kama mtu aliyechukuliwa runinga kabla ya mwisho: yule mama alimpenda yule fundi, au walizoeana?

Aliposhuka, wa kwanza kumwona alikuwa Bi Sutin, jirani anayeuza tambi mkabala na nyumba yao, mwanamke asiyejua kusema kwa sauti ndogo. Rung alikutanisha viganja akainamisha kichwa kumwamkia. Bi Sutin aliitikia huku mwiko uko mkononi.

"Karibu, mwandishi. Umekuja kuomba saini ya mama yako, au umekuja kumcheka ana kwa ana?"

"Saini ya nini, Bi Sutin?"

"Haya, jifanye hujui." Kisha akamwangalia vizuri, akaona kwamba msichana kweli hajui, na mwiko ukashuka. "Jamani. Hukumtambua?"

Rung alielewa pale, kandokando ya sufuria ya tambi. Bi Sutin alimvutia kigoda, akamsimulia yote bila kuombwa. Watu wa tamthilia walikuwa wamekodi hekalu la nje ya mji, wakahitaji wazee wenye nguo zao nyeusi na subira zao. Yeye alikwenda wa kwanza, akanogewa, akamburuza na Lamai, ambaye alikataa mara mbili na mara ya tatu akatia lesi pasi. Walikubaliana wasimwambie Rung. Lamai alitaka bintiye amwone kwenye runinga ghafla, aruke kwenye kiti. Alikuwa anaisubiri siku hiyo kama sikukuu, Bi Sutin alisema. Usiku ule alikaa na simu mapajani akingoja Rung apige kelele. Na simu ililia kweli, lakini ilikuwa ile picha.

Rung alivuka barabara asijue kama gari linakuja. Tangu lini mtu asimtambue mama yake mzazi? Blauzi ile aliwahi kuifua kwa mikono yake. Lakini uso ulikuwa kwenye leso, na kilichobaki kilikuwa kilio tu, na kilio kile hakuwahi kukisikia maishani, angekitambuaje?

Bi Lamai alikuwa jikoni, anakatakata vitunguu vidogo vya kukaanga na kunyunyizia juu ya keki zake za mayai na sukari ya mti wa mvumo. Hakugeuka. Alijua hatua za mwanawe.

"Kuna wali kwenye chungu," alisema.

"Mama."

"Kula kwanza."

Rung hakula. Alikaa sakafuni karibu na miguu ya mama, akachukua kisu cha pili na kitunguu, akaanza kumenya. Walimenya hivyo kwa muda, macho ya Rung yakichuruzika kwa ukali wa vitunguu, ya mama yakiwa makavu kama siku zote. Oveni ilinukia sukari inayoungua kidogo kingoni. Hatimaye Rung alisema kwamba hakujua, kwamba angejua asingethubutu, kwamba anaifuta ile picha sasa hivi, na akaifuata simu mfukoni kwa vidole vyenye harufu ya vitunguu.

"Acha," mama alisema. "Ukiifuta watauliza kwa nini, halafu utawaambia, halafu nitakuwa stika mara mbili. Hiyo moja imetosha. Sutin amenitumia ile ya timu kufungwa. Nilicheka."

"Basi mbona hukunitumia ua?"

Kisu cha Bi Lamai kilisimama. Aliangalia ukutani, pale ilipotundikwa picha ya mumewe akiwa na bisibisi nyuma ya sikio.

"Watu wote wacheke, hainidhuru kitu. Mimi nimeuza sokoni miaka, nimechekwa na wataalamu. Lakini wewe ndiye uliyeuliza kama marehemu ni wangu."

Mama akaendelea, bila haraka, huku anakata. Alisema siku ya kwanza kule hekaluni hakulia hata kidogo. Walikaa tu, wakaambiwa wasimame, wakaambiwa wakae, na jioni wakaambiwa kazi haijaisha, kwa hiyo kesho itakuwa bado leo. Nguo zilezile, hereni zilezile, na sura zilezile. Alipoamka Jumatano ndani ya gari lao alikuwa anajikumbusha njia nzima kwamba ni Jumanne, asije akakosea, ndipo akamtumia ua la pinki. Rung alitaka kucheka, akajizuia, kisha akaona mama naye anatabasamu upande mmoja.

"Halafu mwongozaji akaja kwetu wa nyuma. Kijana mpole, anatuita mama, mama. Akasema mfikirie jambo la kusikitisha. Mimi nikaangalia ule ukumbi. Watu wamejaa, picha ya marehemu ina shada, watawa wamekaa. Unajua nilifikiria nini? Nilifikiria, hawa wote watakula nini. Nikatafuta kwa macho jikoni kuko wapi. Nikataka kuinuka." Alifuta kisu kwenye aproni. "Sutin akanivuta chini. Akasema kaa, hapa hupiki. Basi nikakaa. Rung, mimi sikuwahi kukaa msibani. Siku saba za baba yako sikukaa. Kila nikitaka kukaa, mtu anafika, hajala. Sasa nimekaa, sina sufuria, sina mgeni, na mbele yangu kuna jeneza. Ikanijia tu. Hata yule tajiri mwenyewe hajafa, yuko nje kwenye jenereta anakula tambi. Lakini ikanijia."

Rung aliweka kisu chini. Lile swali lake la miaka lilikuwa limejibiwa, tena kwa urahisi, juu ya sinia la vitunguu, na alijiona mjinga kwa kuwa hakuwahi kuliuliza. Alikuwa amemtazama mama yake siku zote saba, mtazamaji mzuri namna ile, asione kwamba hakukaa. Aliegemeza kichwa kwenye goti la mama, na mama hakulisogeza.

"Nilizidisha?" Bi Lamai aliuliza baadaye, kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu anayetaka kujua. "Niambie ukweli. Wewe ndiye unayejua mambo haya. Baada ya wewe kuandika nimeirudia mara nyingi, naona kama nilimfunika yule binti."

"Sijui, Mama."

"Wewe? Hujui?"

"Sijui."

"Basi dunia imefika mwisho," alisema Bi Lamai, akainuka kutazama keki.

Jioni walikaa mbele ya runinga, ambayo Rung aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza na ambayo hakuna mtu aliyeweza kuja kuichukua, wakala wali na samaki na kumsema mama mkwe wa tamthilia. Bi Lamai alijua mambo ambayo Rung hakuyajua. Yule mwovu, alisema, ndiye mpole kuliko wote, anawaletea wazee maji ya barafu; yule mwema ana usingizi wa ajabu, anaweza kulala amesimama. Rung alisikiliza kinywa wazi. Miaka yote alikuwa anachungulia dirishani, kumbe mama yake ameshaingia ndani na kupewa maji. Kabla ya kulala, Bi Lamai alimwambia kwamba kesho kutwa wanaitwa tena, sehemu ya kuchoma maiti, na watu hawatoshi. Akamuuliza kama ana nguo nyeusi.

Rung aliomba ruhusa kazini akisema ana msiba, jambo ambalo halikuwa uongo mkubwa. Waliondoka giza halijaachia vizuri, wazee wamebanana ndani ya gari na vikapu vya vyakula vyao. Njiani simu ya Rung ilitetemeka. Alipoifungua alikuta ua la manjano, umande wa kubandika, Heri ya Jumatatu. Mtumaji alikuwa amekaa ubavuni mwake, bega kwa bega, anaangalia nje ya dirisha kama hahusiki. Rung alitafuta muda mrefu kwenye simu yake mpaka akapata ua la manjano na yeye, la kutisha kwa kumetameta, akalituma. Kikapu cha mama kikatetemeka.

Hekaluni Rung alikuwa na macho ya mtoto. Usiku ulitengenezwa mchana kwa mapazia meusi. Maua ya shada yalikuwa halisi upande wa kamera tu, nyuma yalikuwa plastiki yenye vumbi. Mtu wa taa alikuja kumwomba Bi Lamai wapige picha pamoja, akimwita kwa heshima Mama wa Safu ya Nyuma, na Bi Lamai, bila kusita, akatoa leso kwenye mkoba akaishika puani. Tajiri marehemu alikuwa palepale alipoelezwa kuwa atakuwepo, karibu na jenereta, anakula tambi. Rung aliyaona hayo yote na kwa mara ya kwanza vidole havikumwasha kuandika.

Walikalishwa safu ya nyuma karibu na nguzo, Bi Sutin kushoto, mama katikati, Rung pembeni. Wakaambiwa wasigeuke, wasiangalie kamera, macho mbele. Mwongozaji alipita, kijana mpole kweli, akawaambia wafikirie jambo la kusikitisha. Rung alidhani itakuwa kazi. Aliangalia picha ya tajiri mle kwenye shada, mzee asiyemjua, na kwenye kioo cha fremu taa zikawa zinacheza rangi ya buluu, rangi ileile ya runinga za wateja ikiwasha chumba chao. Akamwona baba analibeba sanduku kifuani, waya unaburuzika, amefika mlangoni. Amegeuka. Kuna neno anataka kusema.

Kilichomtoka Rung kilikuwa kibovu, cha mikwaruzo, kisicho na mpangilio wowote.

"Kata," alisema mwongozaji. Akaja mpaka kwenye nguzo, akachuchumaa, akasema kwa upole mkubwa, "Dada wa safu ya nyuma, punguza kidogo. Unamzidi mfiwa."

Watu walicheka, hata yule binti mwema aliamka akacheka. Rung alijifuta kwa kiganja, akaitikia kwa kichwa, asijue aangalie wapi. Taa zikawashwa upya. Wakaambiwa kimya, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Bi Lamai hakugeuka, kwa kuwa waliambiwa wasigeuke. Alimsukumia leso pajani, macho yake yakiwa mbele kwenye jeneza, na akanong'ona bila kufungua midomo sawasawa.

"Kwani marehemu ni wako?"

Mabega ya Rung yakaanza kutikisika. Ya mama nayo yakaanza. Walishikana mikono chini ya leso wakainamisha nyuso zao, na mtu ambaye angesimama nyuma yao asingeweza kusema kama wale wawili wanacheka au wanalia. Mwongozaji aliwaangalia kwenye kioo chake kidogo cha kamera, akanyanyua mkono ili mtu yeyote asiwaingilie, na hakusema kata.